Je, Wajua? Samaki wa Ziwani Hanywi Maji, Ila Hukojoa Mchana na Usiku

Mtazame besi au perege aliyetulia majini: mdomo unafunguka, unafumba, unafunguka tena. Wengi huamua papo hapo kwamba anakunywa. Anayejiona mjuzi zaidi huongeza kuwa samaki wa maji baridi ana bahati, kinywaji kimemzunguka, ilhali mwenzake wa baharini hawezi kugusa maji ya chumvi. Mambo ni kinyume kabisa. Wa baharini ndiye mnywaji. Wa mtoni na ziwani ni kama hanywi.

Huo mdomo kwanza. Maji yanayoingia hayashuki tumboni. Yanasukumwa kando, yanapita kwenye matamvua na kutokea chini ya vifuniko vya mashavu. Anapumua tu. Njia ya kwenda tumboni hubaki imebana mpaka chakula kifike. Kwa hiyo ukimwona anapiga mafunda mazito siku ya joto, usimdhanie kiu: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, naye anahangaika kuipata.

Dhana hii haifi kwa sababu tunampima samaki kwa koo letu. Kiu humpata anayepoteza maji. Wa ziwani hapotezi, anafurikwa.

Damu ya samaki wengi wenye mifupa ina chumvi kiasi cha theluthi moja ya ile ya bahari, popote wanapoishi. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ya maji baridi kwa kawaida haifikishi hata nusu gramu. Nayo maji hupenya utando mwembamba kuelekea kwenye chumvi nyingi. Baharini yanatoka mwilini, ziwani yanaingia.

Mchukulie basi samaki wa ziwani kama mtumbwi unaovuja, shehena yake chumvi. Maji hayakomi kuingia, na baharia hana budi kuyachota na kuyamwaga. Mchotaji huyo ni figo, na kazi yake si ndogo: samaki wa dhahabu anaweza kutoa kwa siku mkojo unaokaribia theluthi ya uzito wake. Tatizo ni kwamba kila kata inayomwagwa imeyeyusha shehena kidogo. Figo hujitahidi kuirudisha chumvi kabla ya kumwaga, ndiyo maana mkojo wake ni mwepesi karibu kama maji yenyewe, lakini punje chache huponyoka, na nyingine huvuja kupitia nyufa zilezile. Baharia wa namna hiyo akianza pia kunywa ziwa, atakuwa anajitoboa mtumbwi.

Kwa nini asizibe nyufa? Ngozi, magamba na ute vimeziba sehemu kubwa. Yaliyobaki wazi ni matamvua, na hayo lazima yawe membamba, la sivyo oksijeni haipiti.

Chumvi iliyopotea hurudi kwa njia mbili: chakula, na matamvua yenyewe. Hii ya pili ndiyo inayonistaajabisha. Katika miaka ya 1930, August Krogh wa Denmark alionyesha kwamba samaki wa dhahabu waliopungukiwa chumvi waliweza kuivuta kutoka kwenye maji yaliyokuwa nayo kwa uchache mno. Seli maalumu za matamvua hufanya kazi hiyo kwa kutumia nguvu za mwili, ingawa wataalamu bado wanabishana ni pampu zipi hasa zinazohusika katika kila aina ya samaki.

Nimesema "ni kama hanywi" kwa makusudi. Maji kidogo humezwa pamoja na chakula, na vifaranga hunywa kuliko wakubwa. Samoni na mkunga wa mtoni, wanaohama kati ya mto na bahari, hubadili utaratibu mzima wakiwa njiani.

Halafu kuna perege mdogo wa Ziwa Magadi, Kenya, ambaye kwa anwani ni samaki wa ziwani lakini hunywa. Maji yake yana magadi mengi kiasi kwamba chumvi iliyomo inapita ile ya damu yake, hivyo anakaushwa kama samaki wa bahari. Ukali huo wa magadi pia humzuia kutoa amonia kupitia matamvua kama perege wengine, kwa hiyo taka hiyo huigeuza kuwa urea, jambo ambalo ni nadra sana kwa samaki wenye mifupa.