Samaki mzima, kesi mahakamani

"Muuza samaki hashtakiwi mpaka mteja aumwe tumbo." Wengi huamini hivyo, kwamba kosa ni samaki aliyeoza au aliyetiwa dawa tu. Sivyo. Kumdanganya mnunuzi ni kosa tosha, hata samaki akiwa mzima na mtamu.

Mwaka 2024, mgahawa mmoja mashuhuri wa Biloxi, Mississippi, Marekani, ulikiri mahakamani kuwa kati ya 2013 na 2019 uliwauzia wateja zaidi ya tani 26 za samaki wasiokuwa wale walioandikwa kwenye menyu. Mtu ameagiza samaki wa ghuba ya kwao, kaletewa wa barafu kutoka Afrika, India au Amerika Kusini! Na atajuaje? Samaki akishachunwa ngozi, akakatwa minofu na kukaangwa na viungo, hata mvuvi hubabaika.

Si faini tu. Mwaka 2019 mfanyabiashara wa Virginia alihukumiwa kifungo cha miezi 45 kwa kuuza nyama ya kaa wa nje kama ya kaa wa Marekani.

Kenya nayo, Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kwa maelezo ya uongo. Haisubiri mtu augue.