Je, wajua kwa nini asiye na hela Dar analipa maji ghali kuliko mwenye hela?

Chukua simu upige hesabu mwenyewe. Unit moja ya maji ni lita 1,000, ndo ndoo 50 za lita 20. Huku kwetu Mbagala ndoo tunachota kwa jirani mwenye bomba kwa shilingi 100, yani unit nzima inakutoka 5,000, wakati yule mwenye mita yake uani halipi hata nusu ya hiyo.

Sasa inakuaje? Wapo wanaosema maskini hajui kupanga matumizi, na hilo linaniuma sana maana sio kweli. Tatizo hela yake inaingia kidogo kidogo, na cha kidogo kidogo ndo cha bei. Dada wa chumba cha pili hapa anauza vitumbua, asubuhi akishamaliza anapitia dukani anachukua mafuta ya kupima ya 500, sukari robo, mkaa kopo moja, na nimemwona akikiinamisha kile kichupa cha mafuta juu ya kikaango anasubiri mpaka tone la mwisho lianguke. Anajua fika mkaa wa gunia una nafuu, ila gunia linataka hela ya mkupuo na hiyo hela hajawahi kuishika yote siku moja. Bomba nalo hivyo hivyo, kuvutiwa tu mpaka kwako ni hela ya mkupuo.

Halafu mtoto akiugua usiku anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, rejesho kila siku, ukikosa wanakuja kubeba godoro.

Ndo maana nasema hili sio la kuombeana heri tu. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Hapo mtaani kwako unajua kikundi hata kimoja kilichopata? Kama hujui nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, muulize, msajili kikundi chenu, hiyo hela ni kodi na ushuru wetu wenyewe tunaolipa kila siku sokoni. Na serikali nayo iruhusu watu wavute bomba kwa kulipa taratibu, iweke vioski vya maji kwenye mitaa ambayo bomba bado, itaokoa hela nyingi za watu wa chini kuliko semina zote za tarehe 17 Oktoba, siku ya kutokomeza umaskini duniani.

Viongozi wa mitaa tuliwachagua Novemba 2024, kwa hiyo wa kumuuliza yupo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nenda, usimame umuulize mwenyekiti vikundi vingapi vimepata mkopo na kioski kinajengwa lini. Dada wa vitumbua kashaniambia siku hiyo atauza mwisho saa tatu, anafunga meza tunaenda wote.