Klabu bingwa ya mpira wa Australia humzuiaje mchezaji wa benchi asiondoke?

Babu alikuwa kocha, akaipa Hawthorn ubingwa mara tatu: 1961, 1971 na 1976. Baba akaichezea klabu hiyohiyo na kubeba mataji manne miaka ya 1980. Mjukuu, Josh Kennedy, naye akasajiliwa hapohapo, kwa kanuni inayoipa klabu kipaumbele cha kumchukua mtoto wa mchezaji wake wa zamani. Ukoo mzima kahawia na dhahabu, rangi za Hawthorn. Lakini katika misimu miwili, 2008 na 2009, kijana aliambulia mechi 13 tu. Katikati ya uwanja palikuwa pamejaa: Sam Mitchell, Luke Hodge, Brad Sewell, Jordan Lewis, wote mabingwa wa 2008. Mwisho wa 2009 akafungasha virago akaenda Sydney. Miaka mitatu baadaye Sydney na Hawthorn wakakutana fainali. Sydney wakashinda kwa pointi 10, na Kennedy, ambaye sasa alikuwa miongoni mwa viungo bora wa ligi, alikuwa uwanjani siku hiyo akiwapelekea moto wenzake wa jana.

Huyo alikuwa anasugua benchi tu. Je, klabu iliyojaa nyota inawashikaje watu kama yeye, wale ambao kwingine wangeanza kila wiki?

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Uwanja ni wa duara refu, mpira nao si wa mviringo, kila timu ina watu 18 uwanjani, na mpira unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Ukiupitisha kati ya nguzo mbili ndefu za katikati unapata pointi 6. Ukipita pembeni kidogo, pointi 1. Ligi kuu inaitwa AFL, ina klabu 18. Kila klabu inaruhusiwa kuandikisha wachezaji wasiozidi 44 hivi, lakini siku ya mechi wanaotumika ni 23. Kwa hiyo kila wikiendi karibu nusu ya kikosi wanawatazama wenzao, na hao wote ni watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo, ambao tangu utotoni walikuwa ndio wakali wa mtaa wao.

Katika soka dawa yake tunaijua. Kijana akikosa namba anapelekwa kwa mkopo, anacheza msimu mmoja, anarudi amekomaa. AFL haina mkopo. Ama yupo kwako, ama ameenda moja kwa moja. Na huwezi kumpeleka asikotaka, kwa sababu hakuna mchezaji anayehamishwa bila ridhaa yake.

Ugumu wa pili ni pesa, na hapa ndipo waliotunga kanuni walipomtega bingwa. Tangu 1987 ligi ina kikomo cha mishahara: fungu la juu ni moja kwa klabu zote, kubwa na ndogo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1986, walianzisha utaratibu wa kugawana vijana wapya, ambapo timu iliyoshika mkia inachagua kwanza na bingwa anachagua mwishoni. Wenyewe wanauita drafti, nawe usiuchanganye na ile drafti ya vizibo vya soda kijiweni. Hayo mawili yanajulikana. La tatu halitajwi sana, ingawa kwangu ndilo linalomuuma bingwa zaidi: kila klabu inalazimika kutumia angalau asilimia 95 ya lile fungu. Hata timu mbovu kabisa haiwezi kubana matumizi. Sasa fikiria. Bingwa amechukua kombe, nyota wake kumi wanataka nyongeza, na fungu halijaongezeka. Kule chini kuna klabu yenye pesa ambazo ni lazima izitumie na haina nyota wa kumpa. Inamwona nani? Inamwona yule wa ishirini na tano wa bingwa. Inampigia wakala wake simu na kumpa mshahara mnono, tena namba ya uhakika juu yake.

Kwa pesa, basi, bingwa hawezi kushindana. Akijaribu, atampoteza nyota ili amlipe wa benchi. Anachoweza kutoa ni vitu vingine, na kikubwa kuliko vyote ni timu ya pili.

Klabu nyingi za Melbourne na jirani zake huwachezesha wachezaji waliokosa namba katika ligi ya jimbo la Victoria, VFL. Humo mchezaji wa kulipwa anacheza bega kwa bega na mtu anayefanya kazi nyingine siku za wiki na kuja mazoezini jioni. Unaweza kuiona kama adhabu. Klabu zenye akili huigeuza darasa: mfumo uleule wa kikosi cha kwanza, lugha ileile, majukumu yaleyale, ili mtu akiitwa ghafla asiulize asimame wapi. Na kuna jambo la kufurahisha ukitazama orodha ya mabingwa. Geelong walipotwaa taji la 2007, timu yao ya pili ilitwaa la VFL mwaka huohuo. Hawthorn walipotwaa la 2013, Box Hill, klabu shirika ambako wachezaji wao wa akiba walikuwa wakicheza, nayo ikabeba la VFL. Richmond wakarudia mwaka 2019. Sisemi la pili ndilo lililozaa la kwanza. Ila timu ambayo wachezaji wake wa benchi wamenuna haibebi kombe lolote.

Hiyo ya Richmond itazame kwa karibu. Mei 2019, msimu ukiwa katikati, walimsajili Marlion Pickett kutoka South Fremantle, klabu ya magharibi mwa nchi. Alikuwa na miaka 27, umri ambao wengi huwa wameshasahauliwa na maskauti. Akapewa jezi namba 50 na kupelekwa timu ya pili. Wiki zikapita, mechi za kikosi cha kwanza zikapita, jina lake halikusomwa. Septemba 22 akacheza fainali ya VFL dhidi ya Williamstown. Richmond wakashinda kwa pointi 3 na yeye akatajwa mchezaji bora wa mechi. Wakati huohuo, kwenye nusu fainali ya ligi kuu, kiungo Jack Graham alikuwa ameumia bega. Kocha Damien Hardwick alihitaji mtu mmoja kwa ajili ya fainali, na walikuwepo waliokuwa na uzoefu wa ligi. Akamchagua Pickett, ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja ya AFL.

Mara ya mwisho mchezaji kuanza maisha yake ya ligi kuu siku ya fainali ilikuwa 1952. Watu zaidi ya laki moja walikuwa kwenye uwanja wa MCG; kwa saa za Afrika Mashariki fainali hiyo ilianza saa moja na nusu asubuhi, wakati wa chai. Mapema tu katika mechi Pickett akaupata mpira, mpinzani akamjia kwa kasi, naye akazunguka kama pia na kumwacha akikumbatia hewa. Robo ya tatu Dustin Martin akampasia, akafunga, na wenzake wakamkimbilia kutoka kila kona ya uwanja. Wakawafunga wapinzani wao, GWS, klabu ya magharibi mwa Sydney, kwa tofauti ya pointi 89.

Sasa jiweke katika viatu vya wachezaji wengine wa timu ya pili ya Richmond. Wote waliona. Kocha angeweza kuwahubiria mwaka mzima kwamba “nafasi yako itakuja” na wangemsikiliza kwa sikio moja tu. Lakini kumwona mtu mliyecheza naye Jumapili iliyopita anavaa medali Jumamosi, hiyo ni hoja isiyohitaji mkalimani. Kwa maoni yangu uteuzi ule ulifanya kazi mbili: ulijaza pengo la Graham, na uliwalipa watu ishirini ambao hawakuitwa.

Graham, kwa bahati mbaya, hakupata kitu. AFL inatoa medali kwa waliocheza fainali tu. Unaweza kucheza msimu wote ukaumia wiki ya mwisho, ukabaki na picha. Kanuni hiyo ni kali, na nadhani inazidisha uchungu wa benchi kuliko mshahara wenyewe. Mwaka 2016 nahodha wa Western Bulldogs, Bob Murphy, aliumia goti mwanzoni mwa msimu. Timu ikachukua ubingwa wake wa kwanza tangu 1954, yeye akiwa nje ya kikosi. Kocha Luke Beveridge alipopewa medali ya kocha, alimwita jukwaani akamvisha yeye. Murphy baadaye aliirudisha. Aliyetendewa hivyo alikuwa nahodha, kipenzi cha klabu. Mchezaji wa ishirini na tano hana wa kumvua medali yake ampe.

Kitu kingine wanachopewa wa pembeni ni muda: badala ya pesa nyingi, mkataba unaongezwa mwaka mmoja. Kwa mtu mwenye mke na mtoto, mwaka wa uhakika una uzito wake. Geelong wana turufu ya ziada, mji wenyewe: uko kando ya ghuba, mwendo wa saa moja hivi kutoka Melbourne, fukwe za mawimbi ziko jirani. Kuna wachezaji wanaopenda kuishi hapo hata kwa malipo pungufu. Turufu hiyo haifundishiki. Klabu iliyo katikati ya jiji haiwezi kujichimbia bahari.

Na kuna mazungumzo ya kweli, ambayo ni rahisi kuyataja na magumu kuyafanya. Mwambie mtu: wewe ni wa tatu katika nafasi hii, mbele yako kuna fulani na fulani, huyu ana miaka 31. Akijua hivyo anaweza kuhesabu. Anayeambiwa “endelea kujituma” kila Jumatatu ndiye wakala wake anayeanza kupiga simu.

Hata hivyo wapo wasiozuilika, na pengine hawapaswi kuzuiwa. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, kisha familia ikahamia Australia akiwa mtoto. Sydney walimchukua katika drafti ya 2013. Alianza kucheza 2016, akang'ara, goti likamnyima fainali ya mwaka huo, na 2017 akapata mechi chache tu. Mwisho wa 2020 akaenda Port Adelaide, wakampa ulinzi wa nyuma na kumwachia uhuru wa kuruka kudaka mipira. Msimu uliofuata akaingia kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Mabior Chol, mzaliwa wa Sudan, alikaa Richmond kipindi chote cha mataji matatu, 2017, 2019 na 2020, bila kucheza fainali hata moja. Alipohamia Gold Coast, mwaka wake wa kwanza tu akawa mfungaji bora wa klabu.

Mashabiki huhesabu kesi kama hizo kuwa makosa ya uongozi. Mimi nasita. Dirisha lilelile alilotokea Kennedy, Hawthorn waliwaleta Shaun Burgoyne na Josh Gibson, wote wawili wakacheza fainali za 2013, 2014 na 2015, na zote Hawthorn wakashinda. Kama Kennedy angeshikiliwa kwa nguvu, nafasi na pesa za kuwaleta hao zingetoka wapi?

Upande wa pili wa mlango napo kuna watu. Oleg Markov alikuwa Richmond tangu 2016 hadi 2020; klabu ikabeba mataji matatu, yeye hakupangwa fainali hata moja. Akahamia Gold Coast, nao mwisho wa 2022 wakamtema. Kabla ya msimu wa 2023 Collingwood, waliokuwa wanatafuta beki wa akiba, wakampa nafasi iliyobaki kwenye orodha yao. Septemba mwaka huo alikuwa MCG, fainali, Collingwood wakiwazidi Brisbane kwa pointi 4. Kutoka uwanja wa mazoezi wa Richmond hadi ule wa Collingwood unatembea kwa miguu tu. Yeye alipitia Gold Coast.