Uvumbuzi Unaopindua Soko: Maana Yake na Unakoelekea

Uvumbuzi unaopindua soko ni ule unaoanzia chini, kwa wateja ambao kampuni kubwa hazina haja nao au hazijawahi kuwafikia, kwa bidhaa rahisi na hafifu kuliko zilizopo, kisha ukaboreka hatua kwa hatua hadi ukawanyang'anya wakubwa wateja wao wenyewe. Dhana hii ilielezwa mwaka 1995 na Clayton Christensen wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiandika pamoja na Joseph Bower, na tangu hapo imetumiwa ovyo, kiasi kwamba kila programu mpya ya simu hudaiwa kuwa imepindua soko. Upya hautoshi, wala ubora hautoshi. Tesla iliingia sokoni mwaka 2008 kwa gari la kifahari la bei ya juu, yaani kwa mlango wa juu, kwa hiyo kwa maana hii halisi haihesabiki, hata kama imewatikisa watengenezaji wengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa chuma cha Marekani. Viwanda vikubwa vilizalisha chuma kutoka kwenye madini ghafi kwa matanuri ya gharama kubwa mno, ndipo vikaja viwanda vidogo vyenye tanuri za umeme za kuyeyushia chuma chakavu. Mwanzoni chuma chao kilifaa kwa nondo tu, bidhaa yenye faida ndogo kuliko zote, na wakubwa wakawaachia bila kinyongo, maana kuachana na nondo kulipandisha wastani wa faida yao. Wadogo wakapanda hadi vyuma vya pembe, kisha mihimili ya majengo, na mwaka 1989 kampuni ya Nucor ikaanza kutengeneza chuma cha bapa huko Crawfordsville, Indiana. Bethlehem Steel, jitu la zamani la biashara hiyo, ilifilisika mwaka 2001, ingawa mzigo wa pensheni na chuma cha kutoka nje navyo vilichangia. Jambo la kuzingatia ni kwamba mameneja wake hawakuwa wazembe: kila mara walipoacha bidhaa ya chini na kukimbilia ya juu, hesabu za mwaka ule ziliwaunga mkono.

Njia ya pili ni kuwafuata watu ambao hawakuwa wateja wa yeyote, na hapo M-Pesa ndiyo mfano wetu. Majaribio yake nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo, lakini watu wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha, na Safaricom ikaizindua kwa umma Machi 2007. Kwa macho ya benki ilikuwa huduma duni, isiyo na riba wala tawi, inayotolewa na wakala wa dukani. Kwa mtu aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya fedha ilikuwa nafuu kubwa. Kufikia mwaka 2012 tayari ilikuwa imepanda ngazi, ikitoa akiba na mikopo kupitia M-Shwari kwa ushirikiano na benki.

Kwa siku zijazo, swali la kuuliza katika kila sekta ni nani aliyeachwa nje, na kama kilicho duni leo kinaweza kuboreshwa. Katika afya, vipimo vya haraka vya malaria vimempa mhudumu wa kijijini kazi iliyohitaji hadubini na mtaalamu wa maabara. Akili mnemba ni ngumu zaidi kuihukumu: kampuni kubwa ya mawakili ikiitumia kukagua mikataba, inazidi tu kuimarika, lakini mwenye duka ambaye hakuwahi kumudu wakili akiitumia kuandika mkataba wa pango, hapo mlango wa chini umefunguka. Atapanda hadi wapi mtoa huduma hiyo ya akili mnemba itategemea sana sheria. Kenya ilitunga Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa mwaka 2011, wakati M-Pesa ilikwisha kuota mizizi, ilhali uwakili unalindwa na sheria yake tangu zamani, na anayemwakilisha mtu mahakamani kwa malipo ni lazima awe wakili aliyesajiliwa.