Kifo kilichosogezwa mbele katika wimbo wa George Jones

Mtu wa kwanza kuukataa wimbo "He Stopped Loving Her Today" ("Leo Ameacha Kumpenda") alikuwa mwimbaji wake. George Jones, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, aliona una majonzi mno, hakuna atakayeununua. Pombe na kokeini zilikuwa zimemchakaza, madeni yamemwandama, na miaka ilikuwa imepita tangu wimbo wake wa peke yake ushike namba moja kwenye chati za kantri.

Mimi ni mtayarishaji wa muziki. Kijana akiniletea wimbo wa mapenzi, humwambia kwanza asikilize huu, aone kifo kinavyofichwa. Mwanamume ameapa kumpenda mwanamke hadi kufa. Mwanamke anamjibu kwamba atasahau tu. Miaka inapita, picha bado iko ukutani, barua za 1962 ziko kando ya kitanda, na kila penye "nakupenda" amepapigia mstari mwekundu. Kisha msimulizi anasema leo amekwenda kumwona: amevaa vizuri, na anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Unashukuru kwamba amepona. Kumbe kiitikio kinakuja na shada la maua mlangoni, na watu wanakuja kumchukua.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika wimbo wa awali wa watunzi Bobby Braddock na Curly Putman, bwana yule alikufa mapema mno. Mtayarishaji Billy Sherrill akawarudisha mezani mara kadhaa: kifo kisogezwe mbele, na yule mwanamke aje msibani. Kwangu mimi, wimbo ulipatikana hapo. Ujio wa mwanamke huyo hauimbwi, unasemwa tu, kisha linafuata neno zito kuliko yote: safari hii bwana yule amemsahau kabisa.

Mistari hiyo michache ndiyo iliyowatesa studio. Sherrill alisimulia kwamba kati ya ubeti wa kwanza na maneno hayo ilipita miezi 18, maana Jones akiwa amelewa aliweza kuimba vizuri, lakini akizungumza ulimi ulimwia mzito.

Wimbo ulitoka 1980, ukashika namba moja, na chama cha muziki wa kantri cha Marekani, CMA, kikautangaza wimbo wa mwaka 1980 na tena 1981. Jones mwenyewe alikiri baadaye kwamba uliokoa kazi yake yote.

Vijana wengi huniomba tufunike kila pengo kwa sauti na vyombo. Huwarudisha kwenye maneno yale yanayosemwa.