Wanunuzi wa vyuma chakavu Tabora na Kigoma, hii ya taka za mionzi inawahusu

Watu wengi wakisikia taka za nyuklia mawazo yanaenda Ulaya huko, kwenye mitambo mikubwa ya umeme, wanasema sisi Tanzania hatuna hata mtambo mmoja wa hivyo sasa yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana ndugu zangu, na wa kwanza ni nyie wenye mizani ya vyuma chakavu, kuanzia Tabora mjini, Urambo, Kaliua mpaka Uvinza na Kigoma, maana chanzo cha mionzi, yaani kile kitu ndani ya kifaa kinachotoa mionzi, kikishatelekezwa na mwenyewe kinaishia kuuzwa kwa kilo kama chuma kingine chochote.

Vyanzo vyenyewe viko kwenye kazi za kawaida kabisa. Makandarasi wa barabara wana kifaa cha kupima kama udongo umeshindiliwa vizuri, na vingi ndani vina seziamu 137, aina ya metali inayotoa mionzi yenyewe. Wanaokagua maungio ya mabomba yaliyochomelewa wanatumia iridiamu 192, kwenye tiba ya saratani kuna mashine za kobalti 60. Zote ni halali na zinasaidia watu, shida inaanza siku kazi ikiisha. Mashine ya eksirei ikizimwa mionzi inakata palepale, hiyo isikutishe, ila seziamu haina swichi, inaendelea tu kutoa mionzi na nguvu yake inapungua nusu kila miaka 30 hivi, kwa hiyo kilichotupwa leo mjukuu wako anaweza kukikuta bado kinadhuru.

Naomba muijue habari ya Goiânia, Brazili, mwaka 1987, kwa sababu ni habari ya watu wa kazi yenu hasa. Kliniki moja ya tiba ya mionzi ilihama ikaacha mashine ndani ya jengo, bila kuiarifu mamlaka iliyotoa leseni kama ilivyotakiwa. Vijana wawili wakaingia, wakang'oa kichwa cha mashine wakakiuza kwenye yadi ya vyuma chakavu. Kilipopasuliwa ukaonekana unga unaong'aa bluu gizani, watu wakaupenda, wakagawiana ndugu na marafiki, mtoto wa miaka 6 akauchezea na kula chakula mikono ikiwa na ule unga. Walikufa wanne, yule mtoto, mke wa mwenye yadi na wafanyakazi wake wawili. Watu kama 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, nyumba zikabomolewa, na unga ambao haukufika gramu 100 ukazalisha takataka mita za ujazo kama 3,500! Mimi kila nikiisoma naumia, kwa sababu taarifa moja tu ya mwenye mashine ingezuia yote hayo.

Ndo maana hapa kwetu kuna Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Huruhusiwi kuingiza, kumiliki, kutumia wala kusafirisha chanzo cha mionzi bila kibali cha Tume, na vilivyoisha kazi vina hifadhi yake maalum Arusha. Taka za nje nazo zimefungiwa mlango na Mkataba wa Bamako wa 1991, wa nchi za Afrika kukataa taka hatari kutoka nje, uliokuja baada ya taka za sumu kutoka Italia kumwagwa kijiji cha Koko, Nigeria, na Tanzania ni mwanachama.

Kwa mtazamo wangu swali kubwa la sheria zote hizi ni moja, mwenye mali akiondoka nani anabaki na mzigo. Kule Ufini wenye mitambo ya umeme wa nyuklia wanalazimishwa kuchangia mfuko wa taka mapema, kabla ya kuzifukia kwenye mwamba zaidi ya mita 400 chini. Hata kwenye kufukia ardhini hewa ya kaboni inayotoka viwandani Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2009 kwamba kampuni ikishafunga shimo inabaki na jukumu, kwa kawaida miaka isiyopungua 20, ndo serikali ipokee. Halmashauri zetu zikimaliza mradi na mkandarasi ziulize vilevile, vifaa vyenye mionzi vilivyoingia na mradi vimeondoka vyote na karatasi zipo?

Sasa alama. Ya zamani ni kama pangaboi lenye mapanga matatu kwenye rangi ya njano. Kwa kuwa wengi hawakuielewa, mwaka 2007 ikaongezwa nyingine, pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu na mtu anayekimbia. Hata alama ikiwa imefutika, shtuka ukiona kitu kidogo ila kizito kupita kiasi, mara nyingi ni madini ya risasi (lead, si ya bunduki) yaliyofunika chanzo, na tamaa ya ile risasi ndo inayofanya mtu achukue grenda. Usikate, usipige nyundo, usipakie kwenye bodaboda kukipeleka popote. Kiache kilipo, sogeza watu mbali hasa watoto, nawa mikono kwa sabuni kama ulikishika, mwambie mtendaji wa mtaa au polisi waite TAEC waje wenyewe na vipimo. Na yeyote aliyekishika akianza kutapika au ngozi kubabuka kama ameungua, hospitali mwambieni daktari wazi kwamba alishika chuma cha namna hiyo, kwa sababu bila kuambiwa ni rahisi kudhani ni ugonjwa wa tumbo au mzio.