Gofu halikai mahali pamoja

Nikifika na kamera kwenye gofu lolote kati ya Mpwapwa na Manyoni, swali la kwanza huwa si jina langu wala nilikotoka. Huwa ni hili: "Ramani unayo?"

Wanamaanisha ramani ya Mjerumani, ile inayosemekana kuonyesha alikofukia hazina. Kilimatinde nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa mawe niliokuwa nimeufuata, fimbo mapajani, mbuzi wanne wanazunguka miguuni.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ramani unayo?"

"Sina, mzee. Nimekuja kuupiga picha ukuta huu."

Akaugeukia ukuta, kisha mimi. "Mjukuu wangu, mtu atoke Dodoma mjini, kwa nauli yake, aje kupiga picha ukuta?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na nikiri kwamba hata mke wangu bado namtafutia.

Imani ya hazina ina chanzo chake. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowabana Wajerumani, mwaka 1916 walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, kwenye karakana ya reli, zenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, mkoani Singida. Sarafu zenyewe zipo mpaka leo, na wanaozikusanya huzinunua kwa pesa nzito. Ukishasikia hayo, huchelewi kuamini kwamba kila boma lina sanduku chini ya ngazi, na kwamba kila mchubuko mwambani ni mshale unaoelekeza kwenye sanduku hilo.

Kabla ya kushika kamera nilikuwa fundi sanifu wa upimaji ardhi. Kwa hiyo nikionyeshwa "alama za Mjerumani" huwa nazitambua: msalaba mdogo uliochongwa mwambani, duara lenye nukta katikati, nguzo fupi ya zege juu ya kilima. Ni bikoni. Ni alama za wapimaji, na nyingine ziliwekwa miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka. Nilimweleza hivyo jamaa mmoja aliyekuwa ameichimba nguzo ya namna hiyo mpaka ikalala ubavu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ndivyo wanavyosema wote wanaotaka kurudi usiku."

Nimeanza na habari hii kwa sababu ndiyo hatari ya kwanza kwa mpiga picha wa magofu huku kwetu, hata kuliko nyoka. Wachimbaji wa hazina huchimba kando ya msingi na chini ya kona, mahali ambapo ukuta unabeba uzito mkubwa. Shimo hufukiwa kijuujuu, majani yakaota. Wewe unakuja na stendi yako, unatafuta pembe nzuri ya kona ileile, unarudi nyuma hatua moja bila kutazama. Mimi niliingia mpaka kiunoni. Kamera ilipona, goti halikupona vizuri. Tangu siku hiyo nazunguka jengo zima mara moja mikono mitupu, natazama chini tu, kabla ya kufungua begi.

Sasa, kuhusu lenyewe neno "lililotelekezwa". Vijana wananiandikia: nitajie majengo ya kale yaliyotelekezwa Dodoma. Swali lao ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu huku kwetu jengo likiachwa huwa linagawanywa. Bati huondoka kwanza, kisha kenchi, kisha milango na fremu, kisha tofali na mawe yaliyo rahisi kubeba. Kinachobaki ndicho tunachokiita gofu. Lakini vile vilivyoondoka havikufa, viko kazini kwingine. Ukipiga picha kuta tu umepiga nusu ya jengo. Nusu nyingine iko kijijini, kwenye mabanda, majiko na vyoo vya watu.

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga pale, na Urambo na Nachingwea pia. Walileta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya kivita vilivyogeuzwa. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya buldoza mbili ili ung'oe vichaka. Mibuyu ikagoma, ardhi ya kiangazi ikakauka kama zege, mvua nayo ikafanya kama inavyofanya Ugogoni siku zote. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyotangazwa ilikuwa kama pauni milioni 36. Tawi la reli lililojengwa kutoka Msagali kwenda Kongwa liling'olewa baadaye. Shule ya watoto wa Kizungu ilifungwa 1958, na wanafunzi wakahamia Iringa, kwenye shule mpya ambayo leo sisi tunaijua kwa jina la Mkwawa. Kuanzia 1964 wakaja wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na wengine. Samora Machel na Sam Nujoma walipita pale.

Mgeni anayekuja kutafuta "magofu ya karanga" hutembea mchana kutwa akaambulia majamvi ya zege kwenye nyasi na tuta refu lililonyooka ambalo hakuna mto wala barabara ya kulieleza. Tuta hilo ndilo njia ya reli. Anapiga picha tatu, anaondoka amenuna. Lakini akae siku ya pili, aombe kuona nyumba za watu. Atakuta kipande cha reli kimewekwa linta juu ya mlango wa duka. Atakuta taruma la chuma, kile kipande kinacholazwa chini ya reli, limekuwa daraja la mtaro. (Reli zetu za zamani zilitumia mataruma ya chuma kwa sababu mchwa wa huku wangeyamaliza ya mbao.) Asafishe ubavu wa kile kipande cha reli kwa brashi, asubiri mwanga wa pembeni: mara nyingi kiwanda kilichoviringisha chuma huacha jina lake na mwaka umevimba hapo. Picha ya linta ile, mwaka unasomeka, mwenye duka anaonekana kwa nyuma anapima sukari, kwangu ina thamani kuliko kuta ishirini zilizobomoka wakati wa magharibi.

Kuna aina nyingine isiyobakiza hata ukuta. Kiswahili kina jina lake, mahame, kijiji kilichohamwa. Mkoa wa Dodoma umejaa mahame kwa sababu ya Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Tembe ni nyumba ya miti na udongo, paa lake bapa ni udongo pia. Likikosa mtu wa kuliziba kila masika, maji huingia, boriti huoza, na ndani ya misimu michache nyumba imerudi kuwa ardhi. Utaitambua kwa ua wa minyaa ulioota mraba porini bila sababu, kwa jiwe la kusagia lililopinduka, kwa kiduta cha majivu. Njia yangu ni kwenda wiki ya pili au ya tatu baada ya mvua za kwanza. Palipokuwa zizi, samadi ya miaka mingi huotesha majani ya kijani kuliko pembeni, na ramani ya boma zima inajichora yenyewe. Panda mwamba au mbuyu, piga saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua likiwa chini. Saa tatu imeshapotea.

Mwanga wa kwetu unahitaji kuheshimiwa. Agosti hadi Oktoba vumbi huning'inia angani, milima ya mbali inafifia, na picha za nje zinakuwa kama zimepakwa unga. Ndani ya jengo, vumbi hilohilo ni neema: mwale unaopita kwenye tundu la bati huonekana wote kama nguzo. Taabu ya ndani ni dirisha. Nje jua kali, ndani kiza, na kamera haiwezi kuvibeba vyote kwa picha moja. Naweka stendi, naweka tundu la lenzi kwenye f/8, napiga picha tano bila kugusa chochote isipokuwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie, kuanzia ile inayoonyesha mti ulio nje ya dirisha hadi ile inayoonyesha kona nyeusi kabisa. Kisha naziunganisha kwenye kompyuta, kwa kiasi. Wengine wanavuta mpaka ukuta wa chokaa unang'aa kama keki ya harusi, mimi huko siendi.

Kamera iwe sawa, isiinuliwe pua. Ukiiinua ili upate paa, kuta zitaonekana zinaanguka kinyumenyume, na baadaye hakuna atakayejua ni lenzi yako au ni ukuta kweli uliohama. Hili ni jambo kubwa, maana ukuta uliohama ni habari. Nabeba fimbo ya mita mbili niliyoipaka nyekundu na nyeupe kila sentimita ishirini, naisimamisha kwenye picha moja ya kila upande. Kisha nazunguka jengo nikipiga picha zinazopandana kwa theluthi mbili hivi, ili programu iweze kulijenga upya kwenye skrini hata likishabomolewa. Kazi hiyo inachosha, haina uzuri wowote, na ndiyo pekee ambayo wahandisi wameniomba.

Ndani kuna wenyeji. Popo wakiwa wengi, mavi yao makavu hubeba fangasi wanaoweza kuumiza mapafu. Vaa barakoa nzuri, ile ya kitambaa haitoshi. Kifutu hupenda lundo la bati na tofali, na hakimbii akisikia hatua. Nyuki huchukia nguo nyeusi na manukato, na gofu lenye mzinga darini liache, rudi mwaka kesho. Mbao yoyote iliyoliwa na mchwa ina ngozi nzima na tumbo tupu, kwa hiyo gonga kabla ya kukanyaga.

Ruhusa sasa. Anza kwa mtendaji wa kijiji, saini kitabu cha wageni, mpitie mwenyekiti wa kitongoji, mwombe kijana mmoja wa pale afuatane nawe na umlipe. Jengo linalolindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 lina ofisi yake ya kuombea, eneo la reli ni la shirika la reli hata kama treni haijapita miaka mingi, majengo ya misheni yana mchungaji au padri, na droni ina vibali vyake kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kuna kituo kimoja kidogo nilichojiona mjanja nikapiga bila kuuliza. Nilikaa kwenye benchi la ofisi fulani kuanzia saa nne mpaka saa tisa, kadi ya kamera mezani kwa mkubwa, nikisubiri mtu aamue kama mimi ni jasusi. Kwa sheria, sikuwa na pa kulalamikia.

Na kama ni gofu linalosemwa kuwa na "mali", usiweke mahali lilipo kwenye picha unazorusha mtandaoni. Niliwahi kuweka. Niliporudi baada ya miezi mitano, ngazi ya mlango mkubwa haikuwepo, pamebaki shimo la kina cha mtu.

Nirudi Kilimatinde. Mji ule ulikuwa kituo cha Wajerumani juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye njia ya misafara ya kwenda Tabora, kabla Dodoma haijawa chochote cha kutajwa. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaendelea kwa Saranda na Manyoni, ikaiacha Kilimatinde kando, na ukubwa ukahama na reli. Nilipiga kuta zangu siku mbili, na mzee aliendelea kukaa kivulini akinihesabu.

Miezi miwili baadaye nilimpelekea picha niliyoisafisha kwa karatasi kubwa: ukuta, mbuzi, yeye mwenyewe na fimbo. Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka tena mbali. "Kweli ulikuwa huna ramani," akasema. Kisha akasimama. "Haya twende."

Tulikwenda kwake, tukapita sebuleni, mpaka jikoni kwa mkwe wake aliyekuwa anasonga ugali wa mtama. Mlango wa jiko ulikuwa wa mbao za juzi tu, za mnada. Lakini ulining'inia kwenye bawaba za chuma ndefu kama mkono wangu, zimefuliwa kwa nyundo, ncha zake zimekatwa mfano wa jani. Mjomba wake, alisema, alizitoa bomani yeye akiwa mtoto, kabla wengine hawajaziona. Mama akasogeza sufuria ili niweke fimbo yangu. Nilipiga bawaba ya juu, ya kati na ya chini.

"Ya nne?" nikauliza, kwa sababu juu kulikuwa na alama ya misumari pasipo na kitu.

"Ya nne iko Saranda," akasema mzee, "kwa shemeji yangu. Amefungia zizi. Nenda kesho asubuhi, lakini usimwambie umetoka kwangu."